RADIOSHACK: DUKA LILILOACHA MBACHAO

Ndugu msomaji, kule Marekani wapo watu wazima wengi wanaolikumbuka duka moja jinsi sisi tutakavyoikumbuka kantini ya shule. Duka lenyewe ni RadioShack. Je, lilikuwa duka la aina gani, na mbona linaliliwa hadi leo?

Lilianzishwa mjini Boston mwaka wa 1921 na ndugu wawili wa ukoo wa Deutschmann. Jina hilo ni la kile chumba kidogo cha melini kinachowekwa mitambo ya redio. Wateja wake wa mwanzo walikuwa maafisa wa redio wa melini na watu waliojiundia redio nyumbani. Mwaka wa 1963 lilinunuliwa na kampuni ya Tandy ya Texas, iliyokuwa ikiuza ngozi. Tangu hapo likaenea kama moto wa nyika, likawa na maelfu ya matawi.

Utamu wa duka hili ulikuwa katika vitu vidogo vidogo: rezista, kapasita, transista, swichi, waya na betri. Kijana aliingia na vijisenti vyake akatoka na pakiti ya vipuri. Kulikuwa pia na sanduku la kujifunzia. Nyaya zake zilibanwa kwa springi bila kulehemu, kwa hivyo ukikosea unabomoa na kuanza upya. Leo unaunda redio, kesho kengele ya kumnasa mwizi! Aidha, mwaka wa 1983 duka lilitoa kitabu cha Forrest Mims cha kufunza elektroniki, ambacho kiliandikwa na kuchorwa kwa mkono kama daftari la mwanafunzi nadhifu. Na tangu 1977 liliuza kompyuta yake, TRS-80, kwa takriban dola 600 pamoja na skrini. Kwa wengi hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza waliyoigusa.

Sasa lilianguka vipi? Kwanza, vyombo vilibadilika. Vipuri vikawa vidogo mno, na kitu kikiharibika watu wakaona heri kununua kingine. Pili, intaneti ilileta wauzaji wa bei nafuu. Tatu, duka lenyewe lilivutiwa na faida ya simu za mkononi. Vipuri vikasukumwa nyuma, simu zikawekwa mbele. Lakini simu ziliuzwa kila mahali! Waliotaka rezista wakakata tamaa, na waliotaka simu wakaenda kwingine. Mwaka wa 2015 kampuni ilitangaza kufilisika, na 2017 ikafilisika tena. Baadaye jina lilibaki kuuzwa huku na huko.

Waama, wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Kinachokumbukwa basi si rafu na pakiti. Ni mahali ambapo kijana asiyejua kitu angeweza kujaribu, akakosea, na akajaribu tena. Sisi huku tunachora transista kwenye daftari la Fizikia, lakini ni wangapi kati yetu wameishika mkononi? Mafundi wa redio wangalipo mitaani, na redio mbovu zimejaa makabatini. Mwenzangu, kabla hiyo ya kwenu haijatupwa, omba ruhusa, chomoa betri na waya wa stima, uifungue uone kilichomo.