Karatasi Inayochelewa Ndiyo ya Kuanza Nayo

Mtu akiamua kwenda kutafuta kazi nje, jambo la kwanza analolikimbilia ni pasipoti. Pasipoti ni lazima, lakini mara chache ndiyo inayokwamisha safari. Mtanzania mwenye kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa anaomba pasipoti ya kielektroniki, ile iliyoanza kutolewa mwaka 2018, kwa shilingi 150,000, na anakaa nayo miaka 10. Wanaokwama hukwama kwenye karatasi zilizo mikononi mwa wengine: mwajiri wa zamani, chuo, ofisi ya ugenini inayopima vyeti, kituo cha mitihani ya lugha. Karatasi hizo zianze kutafutwa mapema, hata kabla ya kumwambia jirani kwamba kuna safari.

Nachukua mfano wa Ujerumani kwa sababu imefungua mlango wa kisheria kwa mtu ambaye bado hajapata mwajiri. Tangu Juni 1, 2024 ipo Chancenkarte, kibali kinachomruhusu mtu kuingia na kutafuta kazi kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Akiwa huko anaruhusiwa kufanya kibarua hadi saa 20 kwa wiki, na kujaribiwa kazini kwa wiki mbili kwa kila mwajiri. Mwombaji anatakiwa awe na shahada, au mafunzo ya ufundi ya miaka miwili au zaidi yanayotambuliwa na serikali ya nchi alikosomea. Athibitishe pia kwamba ana fedha za kujikimu. Ambaye elimu yake haijatambuliwa Ujerumani kikamilifu anatakiwa pia awe na Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha B2, na anapimwa kwa alama, akihitaji alama 6.

Hapa ndipo karatasi inapogeuka kuwa alama. Tuseme ni mhandisi ujenzi wa miaka 38, amehitimu chuo kikuu hapa nchini, na shahada yake haijatambuliwa Ujerumani kikamilifu. Kwa umri anapata alama 1. Angekuwa hajafika miaka 35 angepata 2. Uhandisi umo katika orodha ya taaluma zenye uhaba wa watu, hiyo ni 1 nyingine. Amefanya kazi ya fani yake miaka mitano ndani ya saba iliyopita, baada ya kuhitimu, hizo ni 3. Ana alama 5. Imebaki moja, na ataipata kwa Kijerumani cha A2 au Kiingereza cha C1.

Sasa tuseme mwajiri wake wa kwanza hakumpa barua, na ameweza kuthibitisha miaka miwili tu kati ya mitano ya mwisho. Alama za uzoefu zinashuka hadi 2, na jumla inakuwa 4. A2 peke yake haimfikishi tena. Inabidi asome hadi B1, au awe na A2 pamoja na Kiingereza cha C1. Kwa mtu anayesoma jioni baada ya kazi, hiyo ni miezi mingine ya ada na nauli, kwa sababu ya barua ambayo angeweza kuidai siku aliyoondoka kazini. Nayo ni haki yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Dai hati hiyo, kisha omba na barua yenye nembo ya kampuni inayotaja cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi ulizokuwa ukizifanya hasa, na kama ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Barua ya mistari miwili inayosema ulikuwa mfanyakazi mwadilifu haimsaidii afisa anayehesabu miaka. Kama kampuni imeshafungwa, kusanya mikataba, hati za mshahara na taarifa ya michango yako ya NSSF.

Jambo linaloniuma zaidi ni majina, kwa sababu ni kikwazo kinachoonekana mapema kabisa na watu hukipita. Cheti cha kidato cha nne kinasema Fatuma Hamisi. NIDA inasema Fatma Khamis Mbaruku. Cheti cha chuo kimeongeza jina la mume. Nyumbani sote tunajua ni mtu mmoja. Afisa wa viza hamjui, na ana haki ya kuuliza. Vitandaze vyeti vyote mezani, usome jina herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ikionekana, muone wakili, akueleze kama kiapo kinatosha au inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Rekebisha kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu jina litakaloingia kwenye pasipoti ndilo litakalosomwa katika kila ofisi baada ya hapo.

Vyeti vya elimu navyo vina safari yao. Ujerumani inayo hifadhidata iitwayo anabin, iliyo wazi kwa kila mtu, inayoonyesha vyuo vya nchi mbalimbali na jinsi shahada zake zinavyolinganishwa. Tafuta humo chuo chako na shahada yako. Kama shahada haimo, unaomba tathmini kwa ofisi kuu ya elimu ya kigeni, ZAB, kwa ada, na majibu huchukua muda. Mwenye cheti cha ufundi naye ana utaratibu wake katika ofisi hiyohiyo.

Wauguzi, madaktari na walimu naomba wasome hapa kwa makini. Kazi zao zinasimamiwa kisheria, na alama 6 hazimpi mtu ruhusa ya kumgusa mgonjwa wala kuingia darasani. Anahitaji kutambuliwa na mamlaka ya jimbo anakokwenda, na muuguzi kwa kawaida hutakiwa kufika B2 ya Kijerumani. Kwa muuguzi, njia ya kupata mwajiri kwanza na kuanza utambuzi akiwa nyumbani mara nyingi ni salama zaidi.

Fedha ndiyo sehemu inayowafanya watu wanyamaze. Kwa mwaka 2025 kiwango cha kujikimu kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima. Kwa kawaida huwekwa kwenye akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto, ambayo hutoa sehemu tu kila mwezi. Mtu anayeishi Ujerumani anaweza kukudhamini kwa maandishi rasmi, au ukaonyesha mkataba wa kibarua. Kwa wengi wetu hizo ni fedha za kiwanja. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kuuza shamba la ukoo kwa kibali cha mwaka mmoja kisichokuwa na ahadi ya kazi. Kama fedha ni za kukopa, andika ni nani atalipa, na kwa njia gani, endapo utarudi bila kazi. Muulize pia mwajiri wako kama atakubali likizo bila malipo badala ya kujiuzulu.

Kuhusu mawakala, hapa nchini wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Lakini Chancenkarte haina wakala: unaiomba mwenyewe ubalozini, ada ya viza ni euro 75, na kikokotoo cha alama kipo bure kwenye tovuti ya serikali ya Ujerumani, Make it in Germany. Anayekuuzia nafasi ya Chancenkarte anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Kabla ya kupanda ndege, tengeneza hati mbele ya wakili inayompa ndugu mmoja mamlaka ya kushughulikia mambo yako ya benki, kodi ya nyumba na ada za watoto, na ueleze wazi mamlaka hayo yanaishia wapi. Waambie nyumbani bila kuzunguka kwamba miezi ya kwanza hutatuma kitu. Halafu shughulikia malazi. Ujerumani mtu hutakiwa kusajili anwani yake ndani ya wiki mbili tangu ahamie, na ofisi ya manispaa huhitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila usajili huo namba yako ya kodi inachelewa, na mwajiri anaihitaji ili akukate kodi ipasavyo. Wapo wanaopangisha chumba lakini hawako tayari kusaini. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi, na ulipate jibu lake kabla hujatuma hata euro moja.