Kolwezi: Jamaa ilivyodumu bila shajara

Wanaofanya yoga hushauriwa kusoma vitabu vya kiroho na kuandika shajara ili wasiiache njiani. Kolwezi, wafanyakazi wa migodi ya shaba na wake zao walishika njia nyingine: kuzungumza.

Mwaka 1953 Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alihamia Ruwe, karibu na mji huo. Huko ndiko Jamaa ilikokua. Mume na mke, walioitwa baba na mama, walitafakari kwa Kiswahili mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Kila mmoja alimfungulia mwenzake moyo, akamsimulia hata ndoto zake.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Mafundisho yakabaki, maana wanandoa walikuwa nayo vinywani mwao.