Benz ya Mazuti L'shi: Cheki Bodi Kabla ya Injini

Wasee wengi hawataki kuskia hii: Benz ya kitambo ya mazuti huuliwa na kutu, injini ikiwa bado mzima. Muuzaji anakufungulia boneti, anawasha, unaskia ile ngurumo nzito, na hapo hapo roho yako ishaanza kuhesabu doo. Shida yenyewe iko chini ya kapeti, inatafuna chuma pole pole, na hakuna mtu anaifungua. Nimezunguka magaraji za Lubumbashi, yaani L'shi, kuanzia Katuba, Kamalondo hadi ule mtaa wao unaitwa Kenya, na kila fundi aliyeshika hizi ndai ananiambia kitu kimoja: anza na bodi.

Mbona Benz, na mji umejaa Toyota? Kongo watu wanaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini L'shi iko na gari nyingi za Japani zenye usukani kulia. Zinashuka bandari ya Dar, zinakata Zambia, zinaingilia mpaka wa Kasumbalesa. Dere wa hiyo gari akitaka kupita lori la shaba kwa njia ya Likasi, inabidi atoe nusu ya gari kwa leni ya wenyewe ndio aone mbele. Benz ya mtumba kutoka Ubelgiji ina usukani kushoto, so imekaa vile barabara inataka. Alafu kuna heshima. Sisi Afrika Mashariki tuliita wadosi Wabenzi, na enzi za Zaire nyota ya Benz ilisema hivyo hivyo. Boy wa mtaa wa Kampemba akipata 300D safi, hata wazae wanainuka kwa viti waicheki.

Mzae wa hizi Benz ni modeli ya W123, ya 1976 hadi 1985, karibu milioni 2.7 zikatengenezwa. Za mazuti zenye jina ni 240D ya silinda nne na 300D ya silinda tano. Hakuna kompyuta. Pampu ya mazuti ni ya chuma tupu, na inavumilia mazuti mbovu kuliko gari yoyote ya siku hizi. Juni na Julai, asubuhi L'shi ikiwa na baridi ya ukweli, unageuza ufunguo nusu, unangoja taa ya njano izime, alafu unawasha. Ukikosa hiyo subira utamaliza betri bure.

Maajabu ya W123 ni hewa. Injini ya mazuti haifyonzi hewa vile ya petroli hufanya, so Mjerumani aliweka pampu ya kufyonza na akatandaza vipaipu vyembamba gari nzima. Hiyo nguvu ndio inafunga milango yote ukifunga mmoja, kwa zile zilikuja na hiyo kitu, na hiyo hiyo ndio inazima injini. Sasa kipaipu kikipasuka ndani ya mlango wa nyuma, unatoa ufunguo, unashuka, na injini bado inanguruma. Mgeni anashtuka. Fundi anainua boneti, anasukuma kale kamkono kameandikwa STOP, injini inazima. Akishamaliza anatafuta kipaipu kimepasuka wapi, na mara nyingi dawa ni kipande cha mpira cha bei ya soda. Mimi napenda gari ya hivyo, gari inakuonyesha penye inauma.

Hata kutu yake inajionyesha. Inaanza kwa matao ya magurudumu, chini ya milango, kwa mafenda za mbele, chini ya betri, na kwa lile shimo la spea ndani ya buti. Mbaya zaidi ni matundu ya jeki kwa ubavu. Jeki inaingia kwa bomba lililo ndani ya kizingiti, na matope yanaingia na njia hiyo hiyo. Yakishaingia hayatoki.

Na matope ya hapa ni mengi. Mvua ya L'shi inakuja na nguvu kati ya Novemba na Machi, jumla ya kama milimita 1,200 kwa mwaka. Alafu inakuja miezi ya vumbi jekundu, linajaza kila kona ya chuma. Vumbi peke yake halitoboi gari, lakini mvua ya kwanza ikilowesha hilo vumbi, linakaa na maji wiki nzima likiwa limegandia bati. Ongeza chumvi: Ubelgiji wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na hiyo chumvi inasafiri na gari ikiwa imejificha ndani ya vizingiti. Na zile ndai zilizeeka hapa hapa zilipumua kitu ingine. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911, na kwa miongo mingi moshi wa lile bomba refu la mjini ulikuwa na gesi ya salfa. Gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Upande wa kaskazini-magharibi, kule upepo ulikuwa unaupeleka, ilikausha miti mpaka ardhi ikabaki uchi. Bati la gari lililokaa miaka chini ya moshi kama huo halikuwa na bahati kuliko mti.

W124 ilifuata mwisho wa 1984. Hii ndio ile ya waipa moja. Mkono wa waipa unajirefusha na kujikunja ukizunguka ndio ufike kwa kona, na kampuni ilisema inafuta asilimia 86 ya kioo. Kitu poa sana, lakini inataka grisi. Ikikaa kiangazi chote bila kuguswa, vumbi linakausha grisi ya gia zake, alafu mvua ya Oktoba inakukuta na waipa nzito. Injini zake, 200D, 250D na 300D, zina kichwa cha alumini. Ziko laini kuliko za mzae, lakini hazitaki kuchemka hata mara moja. Temprecha ikipanda kwa foleni, zima, ngoja, usijifanye shujaa.

Noma ya W124 ni plastiki. Kuanzia 1989 walivisha ubavu paneli pana za plastiki, na gari ikawa luku kali. Nyuma ya hizo paneli ndio kutu inajificha. Nje inang'ara, ndani mahali pa jeki pamekuwa biskuti. Hakuna njia ya mkato, paneli lazima itolewe. Mwenye kukataa itolewe anajua penye pameoza.

W210, ile ya macho manne ya 1995, mimi siitaki, na nasema nikiwa na uchungu juu ndani ni tamu kukaa. Inaoza kwa milango, kwa buti karibu na loki, kwa mafenda, na mahali pabaya kuliko pote: kile kiti cha chuma kinashikilia springi ya mbele. Kimechomelewa tu kwa bodi, maji yanapenya nyuma yake, na siku kikiachilia, springi inapanda juu na gari inaanguka upande mmoja. Fikiria hiyo ikitokea mwendo wa mia, kuna malori mbele na nyuma. Na zile za CDI za kuanzia 1998 zinasukuma mazuti kwa nguvu ya baa 1,350, so mazuti ya madumu ya kando ya barabara yanaua sindano zake haraka.

Na zile zingine za Ulaya je? Peugeot 504 ya mazuti ni ngumu barabarani, sakafu ndio inaoza. Audi 100 ya katikati ya miaka ya 80 ndio iliwaonyesha wote, juu bodi yake yote ilipakwa zinki.

Hapo kwa zinki ndio roho inaniuma. Zinki inaoza yenyewe kwanza ili chuma kisioze, hata rangi ikikwaruzwa bado inalinda. Na kama kilomita 30 kutoka L'shi kuna Kipushi, mgodi ulioanza 1924, ukafungwa 1993, ukarudi kutoa zinki 2024, na zinki yake ni kati ya zile tajiri kabisa duniani. Mzigo unatoka kwa malori kwenda nje. Tolie wa Katuba, fundi wa bodi mwenye mikono ya dhahabu, anaziba tundu na bati la kawaida, anapaka mastiki na rangi, na baada ya mvua mbili tundu limerudi. Huyo fundi hajakosa akili wala bidii. Anakosa rangi ya zinki na nta ya kupuliza ndani ya vizingiti. Wanaouza spea mjini wakileta hivyo viwili kama vile wanaleta taa na bampa, hizi ndai zitaishi.

Kuna dere wa teksi wa Ugiriki aliyepeleka 240D ya 1976 kilomita milioni 4.6, na 2004 ikaingia makumbusho ya Mercedes. Injini ilibadilishwa mara kadhaa. Bodi ilibaki ile ile.

So buda, ukiskia kuna Benz inauzwa, chukua W123, ama W124 ya kabla ya zile plastiki pana, na W210 uiachie mwenyewe. Beba sumaku na tochi, enda mchana. Sumaku isiposhika kwa fenda, hapo ni mastiki. Inua kapeti zote, toa spea, ingia chini na nguo za kazi. Ukishainunua, osha chini kila mwisho wa mvua na uzibue matundu ya kutolea maji kabla Oktoba. Na muuzaji akikataa uinue kapeti, rudisha doo mfukoni, muage na heshima, uishie.