Kumlisha samaki huanza na kuyajua maji

WAFUGAJI wa samaki katika eneo la Ndanai, kaunti ya Bomet, wana kila sababu ya kuchagua kwa makini chakula wanachowapa samaki wao. Chakula hugharimu mara nyingi nusu ya fedha zote zinazotumika katika ufugaji huu, au hata zaidi. Kikichaguliwa vibaya, faida yote huzama kidimbwini.

Ufugaji wa samaki ulipata msukumo mkubwa nchini mnamo 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi uliolenga kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Kila kidimbwi kilikadiriwa kuwa na mita 300 mraba na kutiwa vifaranga 1,000. Ufadhili ulipokoma, vidimbwi vingi viliachwa vikaota magugu, bei ya chakula ikiwa miongoni mwa sababu.

Samaki anayefugwa zaidi ni tilapia, ambaye pia huitwa ngege. Yeye hula mimea midogo mno na vijidudu vinavyoelea majini. Kwa hivyo, chakula chake cha kwanza hakinunuliwi dukani bali hukuzwa kidimbwini kwa kutia samadi ya ng'ombe au ya kuku, hadi maji yageuke rangi ya kijani.

Kipimo chake ni rahisi. Mfugaji hutumbukiza mkono majini hadi kwenye kiwiko. Vidole vikionekana wazi, samadi haijatosha. Kiganja kikitoweka kabla kiwiko hakijagusa maji, samadi imezidi.

Hata hivyo, nyanda za Kericho na Bomet zina jambo la kuzingatiwa. Mchai hupenda udongo wenye asidi, ilhali samaki na mimea ya kidimbwini haviipendi. Penye udongo wa namna hiyo, samadi pekee huenda isiyageuze maji kuwa ya kijani. Sharti chokaa ya kilimo itangulie.

Chakula cha ziada nacho hutegemea umri. Vifaranga wachanga huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 40 hivi, na samaki wakubwa asilimia 25 hadi 30. Pumba za mahindi au za ngano ni za bei nafuu, lakini protini yake haifiki asilimia 20. Anayelishwa pumba tupu hushiba bila kukua.

Pumba zapasa kuchanganywa na omena, soya au mashudu ya alizeti. Omena wakaguliwe, kwani mara nyingi huuzwa wakiwa na mchanga. Soya ikaangwe kabla ya kusagwa, kwa kuwa ikiwa mbichi huzuia protini kusagika tumboni. Mahindi yaliyoota kuvu yatupwe, kwani huenda yana sumu ya aflatoksini, ile iliyowaua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004. Sumu hiyo hudhuru samaki pia.

Kuhusu kiasi, samaki 1,000 wenye wastani wa gramu 100 kila mmoja wana uzani wa kilo 100. Wakilishwa asilimia tatu ya uzani huo, watahitaji kilo tatu kwa siku. Ni muhimu kuvua wachache kila mwezi na kuwapima ili hesabu isibaki ya kukisia.

Baridi ya nyanda za juu pia haifai kusahaulika. Tilapia hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na hamu yake ya kula hupungua maji yakishuka chini ya nyuzi 20. Kumlisha alfajiri ni kupoteza chakula. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni zinafaa zaidi, na katika miezi ya baridi ya Juni na Julai kiasi kipunguzwe.

Chakula kinachoelea kina faida moja kubwa: mfugaji huona kinavyoliwa. Kisipokwisha kwa dakika 20 hivi, kimezidi. Masalio huoza na kumaliza hewa ya oksijeni majini. Samaki wakionekana alfajiri wakitweta juu ya maji, mfugaji asiwaongezee chakula akidhani wana njaa. Aache kuwalisha kwa muda na kuingiza maji safi.