Unauza nyumba bila ardhi? Malizana kwanza na deni la kodi ya ardhi

Katika mitaa mingi ya zamani ya Mombasa, ikiwemo Majengo, mtu anaweza kumiliki nyumba huku ardhi iliyo chini yake ikiwa ya mwingine. Huu ndio umiliki unaoitwa nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba hujenga, hukaa au hupangisha, na kila mwezi au kila mwaka humlipa mwenye ardhi kodi ya ardhi. Mwenye ardhi huyo anaweza kuwa mtu binafsi, familia au wakfu.

Kwa sababu kodi hiyo aghalabu ni ndogo, ni rahisi kusahaulika. Mzee aliyekuwa akilipa hufariki, mkusanyaji kodi huacha kupita, na miaka hukatika. Deni hujitokeza siku nyumba inapouzwa, pale mnunuzi anapoomba risiti ya mwisho.

Kwa nini deni huzuia mauzo

Muuzaji wa nyumba bila ardhi hana hatimiliki ya kiwanja ya kumkabidhi mnunuzi. Anachouza ni jengo pamoja na nafasi ya kuendelea kukaa pale kama mpangaji wa ardhi. Kwa hivyo mnunuzi huhitaji mwenye ardhi amtambue na aanze kumwandikia risiti kwa jina lake. Mwenye ardhi anayedai anaweza kukataa kufanya hivyo, na mnunuzi akabaki na nyumba yenye mgogoro.

Deni la zamani lina kikomo

Sheria ya Kenya kuhusu muda wa kufungua kesi inasema kwamba malimbikizo ya kodi hayawezi kudaiwa mahakamani baada ya miaka 6 tangu siku yalipopaswa kulipwa. Kila mwezi una hesabu yake.

Chukua mfano wa nyumba inayotozwa shilingi 300 kwa mwezi, na ambayo haijalipiwa kwa miaka 12. Deni lote ni shilingi 43,200. Sehemu inayoweza kudaiwa mahakamani ni ya miaka 6 ya karibuni, yaani shilingi 21,600.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, barua yenye sahihi inayokiri deni huweza kuufanya muda uanze kuhesabiwa upya. Usitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali deni kabla ya kuonana na wakili. Pili, muuzaji bado anahitaji ushirikiano wa mwenye ardhi. Ndiyo maana wengi huona afadhali kukaa chini na kuelewana kiasi kuliko kushinda hoja na kupoteza mnunuzi.

Hatua za kufuata

1. Tafuta risiti zote za zamani, hata zenye jina la marehemu. Zinaonyesha kiwango cha kodi, aliyepokea, na mwezi wa mwisho kulipwa.

2. Thibitisha mwenye ardhi ni nani. Ukiwa na nambari ya kiwanja, omba upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Anayedai kuwa mrithi au wakala wa mwenye ardhi aonyeshe hati zinazompa mamlaka hayo. Ukimlipa asiyehusika, deni linabaki palepale.

3. Omba hesabu ya deni kwa maandishi, mwezi kwa mwezi, kisha uilinganishe na risiti zako.

4. Mkiafikiana, lipa kwa njia inayoacha ushahidi, kama vile benki au simu. Dai risiti na barua inayosema kwamba hakuna deni lililobaki hadi tarehe iliyotajwa, na kwamba mwenye ardhi yuko tayari kumpokea mnunuzi.

5. Mkataba wa mauzo useme wazi kwamba kinachouzwa ni nyumba bila ardhi, na utaje nani atalipa deni lolote litakalojitokeza. Ikiwa fedha za kulipa deni hazipo, mnaweza kukubaliana likatwe kwenye bei, na mnunuzi amlipe mwenye ardhi moja kwa moja.

Nyumba ya marehemu

Watoto hawawezi kuuza nyumba ya mzazi aliyefariki kwa makubaliano ya mdomo. Ni lazima kwanza taratibu za mirathi zifuatwe mahakamani. Familia za Kiislamu zinaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Madeni halali ya marehemu, pamoja na kodi ya ardhi, hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha kabla ya warithi kugawana.

Usichanganye malipo

Kodi ya ardhi si ada ya viwanja inayolipwa serikali ya kaunti. Ada ya kaunti hutozwa kwa kiwanja na ni jukumu la mwenye ardhi. Risiti ya moja haifuti deni la nyingine, kwa hivyo soma vizuri jina la aliyepokea fedha.

Wakazi ambao hawana mpango wa kuuza wanashauriwa vilevile kulipa kwa wakati na kuhifadhi risiti mahali ambapo familia yote inapajua. Nyumba nyingi za aina hii hazina karatasi nyingine inayoonyesha kwamba familia imekaa pale kwa haki, na siku ya kuuza risiti hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza.