Mwalimu Mkristo na Kustaafu

Walimu wenzangu wanapokaribia miaka 60, umri wa kustaafu, mazungumzo huwa ni pensheni na ploti. Sibezi hayo, mzee naye hula. Lakini naomba tumtazame Carey Francis, mmishonari aliyeiongoza Shule ya Upili ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Alipostaafu hakurejea kwao Uingereza kupumzika. Alikwenda kufundisha Pumwani, mtaa wa makabwela jijini Nairobi, hadi alipofariki mwaka wa 1966. Naamini ni imani iliyomfunza kwamba cheo hukoma, utumishi haukomi. Hakuacha mtoto wa kumzaa, ila wanafunzi wake walijaa katika serikali ya kwanza ya Kenya huru. Ploti hugawanywa na warithi. Uliowafunza ni urithi usiogawanyika.