Mashimo ya Thimlich na Askari wa Nottingham

Ukiliacha bonde la Lambwe na Mbuga ya Ruma nyuma yako, ukashika njia ya kusini kuingia Kaunti ya Migori nchini Kenya, utafika Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa yapata karne ya 16 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na hazikutiwa udongo wala chokaa. Mawe yalipangwa upande wa nje, yakapangwa upande wa ndani, kisha katikati pakashindiliwa vijiwe, uzito wenyewe ukawa ndio gundi. Wageni huzipiga picha kuta hizo. Wachache huinama kutazama safu za vishimo vilivyochongwa juu ya jiwe, ubao wa mchezo ambao Wajaluo huuita ajua. Majirani wana majina yao: bao kwa Waswahili, omweso kwa Waganda, igisoro kwa Wanyarwanda, enkeshui kwa Wamaasai. Hyrax Hill, karibu na Nakuru, nako kuna vishimo vya aina hiyo kwenye miamba.

Vishimo hivyo vina jamaa wa mbali ambaye wengi hawangemtarajia. Mwaka 1975 vijana watatu jijini London, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, walianzisha kampuni ndogo wakaiita Games Workshop. Peake alikuwa fundi wa mbao, na bidhaa zao za kwanza zilikuwa mbao za michezo ya kale zilizotengenezwa kwa mkono, ukiwemo mchezo wa mashimo na kete wa jamii hiihii ya ajua. Leo kampuni hiyo, yenye makao yake Nottingham, ndiyo kubwa kuliko zote duniani katika michezo ya vita inayochezwa kwa sanamu ndogo, na Desemba 2024 iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Ubao wa mashimo waliuacha zamani. Ila nadhani kilichowatajirisha ni kitu ambacho ajua ya Thimlich haijawahi kupewa, na kitu hicho hakihusiani sana na sanamu.

Kwa asiyeujua uraibu huu, mambo huenda hivi. Unanunua kisanduku chenye fremu za plastiki. Unavikata viungo kimoja kimoja, mkono huku, ngao kule, unavigandisha kwa gundi hadi askari wa sentimita tatu hivi asimame. Kisha unampaka rangi kwa brashi nyembamba mno: kwanza rangi ya msingi, halafu rangi ya majimaji inayotuama kwenye mikunjo ya nguo na kuipa kivuli, mwisho mguso mwepesi kwenye kingo ili zing'are. Jeshi likikamilika unalipeleka mezani, penye vilima na magofu ya kuigiza, unapima mwendo kwa futi ya chuma na kurusha dadu kuamua nani kafa. Mchezo mmoja huweza kumeza alasiri nzima.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichobuniwa na kampuni hiyo. Maofisa wa Prussia walikuwa wakifanya mazoezi ya vita juu ya meza tangu miaka ya 1820, kwa kanuni za von Reisswitz. H. G. Wells, mwandishi wa riwaya, alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea. Mtu anaweza basi kuuliza kampuni iliyokuja miaka 60 baadaye ilichangia nini. Jibu langu ni kwamba Wells alitoa kanuni bila mahali pa kuzichezea, na wafuasi wake wakabaki kila mmoja na meza yake nyumbani. Games Workshop iliunganisha vipande. Mwaka 1977 ilianzisha jarida, White Dwarf. Mwaka 1978 ilifungua duka lake la kwanza huko Hammersmith. Kisha ikaja Citadel, kampuni dada ya kutengeneza sanamu, na mwaka 1983 kanuni za Warhammer, zilizoandikwa na Bryan Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley. Mwaka 1987 yakafuata mashindano ya kupaka rangi. Duka ndilo ninalolipa uzito zaidi. Ndani yake mna meza ya kuchezea na mtu wa kukuonyesha jinsi ya kushika brashi. Ni baraza yenye rafu za bidhaa. Mgeni asiyemjua yeyote mjini anaingia, anafundishwa, na jioni ana mpinzani. Mchezo uliokuwa wa marafiki na ndugu ukawa wazi kwa yeyote anayepita barabarani.

Watu wanaoilalamikia kampuni hiyo wana hoja, na sidhani ni busara kuwapuuza. Sanamu ni ghali. Kanuni hutolewa upya kila baada ya miaka michache, na kitabu ulichonunua juzi kinageuka karatasi ya kufungia maandazi. Ukali wake juu ya alama za biashara umewahi kuvuka mpaka: mwishoni mwa 2012 riwaya ya mwandishi mmoja wa Marekani iliondolewa kwa muda kwenye duka la mtandaoni kwa sababu kampuni ilidai maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "askari wa anga za juu" ni mali yake, ilhali waandishi wa hadithi za sayansi walikuwa wakiyatumia tangu miaka ya 1930. Umma ulipiga kelele, kitabu kikarudishwa. Ajua haimtozi mtu senti: unachimba vishimo kwenye vumbi, unaokota mbegu au kokoto, basi. Na hakuna wa kukushtaki.

Lakini kutokuwa na mwenyewe kuna hasara yake, na hapo ndipo siafikiani na wanaosema ajua imeishi karne nyingi bila kampuni na itaendelea hivyohivyo. Jiwe la Thimlich linaweza kukaa miaka elfu nyingine bila kumfundisha mtoto kucheza. Mtu anachota mbegu za shimo moja, anazipanda moja moja akizunguka, ya mwisho ikiangukia penye wenzake anachota tena, ikiangukia patupu analala: mambo hayo hayakuandikwa kwenye mwamba. Yamo vichwani na mikononi. Mzee akifariki bila kuketi na mjukuu, kilichobaki ni vishimo. Na palipo na wachezaji, vijiji viwili jirani huweza kubishana juu ya namna ya kula, kila upande ukiapa kwamba wake ndio wa asili.

Zanzibar inanizuia nisiseme kwamba dawa ni kampuni. Huko bao la safu nne, mashimo 32 na kete 64 limekuwa na vilabu na mashindano, kanuni zinazojulikana, na msamiati unaotofautisha hatua mbili za mchezo, kunamua na mtaji. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliandika kitabu kizima miaka ya 1990 juu ya uwezo wa mabingwa wake wa kuhesabu mizunguko mirefu kichwani. Kazi zilezile zilizofanywa na duka na jarida kule Uingereza, Unguja zilifanywa na baraza na klabu. Si lazima afanye mfanyabiashara, ila lazima afanye mtu.

Mikono yenyewe haijapungua katika pande zetu. Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, si mbali na Migori, wachongaji hutoa seti za sataranji katika mawe laini ya pale: wanaipiga msasa kete moja moja ndani ya maji, wanaitia rangi, wanaikwaruza mistari myeupe. Ni sanaa ya sanamu ndogo isiyopungukiwa na ile ya Nottingham kwa ustadi. Tofauti iko kwenye kisanduku. Kile cha Nottingham huuzwa pamoja na kitabu cha kanuni na anwani ya mahali pa kucheza. Seti ya Tabaka huuzwa kama pambo, ikaishia juu ya kabati la mtalii. Ubao wa ajua wa jiwe hilohilo, wenye karatasi moja ya kanuni kwa Dholuo na Kiswahili, ungeweza kuuzwa penye lango la Thimlich, hatua chache kutoka kwenye vishimo vya wahenga, na kando yake pakawekwa benchi mbili zinazotazamana.